Zahanati Tuliyowaahidi Watu wa Ng'ambo

Vita ya Uganda ilipoanza, baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, nje kidogo ya Mpanda, nami nilikuwa nimerudi nyumbani kufundisha shule ya msingi. Tuliambiwa tuchange chakula cha wanajeshi. Mpunga wetu mwaka ule ulikuwa umeharibika, kwa hiyo baba alivuka mto kwenda kuzungumza na Warundi, waliokimbia mauaji kwao wakapewa mashamba ng'ambo ile. Wao mahindi na maharage walikuwa nayo.

Kiongozi wao alikuwa mzee mpole, fundi seremala. Alikubali wachange pamoja nasi, akaomba jambo moja: vita ikiisha, zahanati ambayo wilaya ilituahidi ijengwe upande wao. Masika mto haukuvukika. Sisi tulikuwa na barabara ya kwenda hospitali ya mjini. Wao hawakuwa na pa kwenda. Baba akakubali mbele ya wazee wa pande zote mbili, wakashikana mikono. Lori lilipokuja, magunia yao yalikuwa mengi kuliko yetu.

Vita ikaisha. Saruji na mabati vikaletwa, vikashushwa mbele ya ofisi ya kijiji. Kwenye mkutano watu wakauliza kwa nini wapewe wakimbizi, watu ambao siku moja watarudi kwao. Nilimsubiri baba aseme alichoahidi. Aliwasikiliza wote, kisha akasema zahanati itajengwa hapo hapo kijijini. Nikainamisha kichwa.

Siku ya kwenda kuwaambia aliniomba nifuatane naye. Tulipovuka tukakuta kiwanja kimeshafyekwa, na pembeni yake tanuru zima la matofali yaliyokwisha kuchomwa. Baba alipunguza mwendo.

Mke wa yule mzee alitunawisha mikono, akatuwekea ugali na maharage. Sikuweza kumtazama usoni. Baba alizunguka sana: mara wilaya, mara kamati, mara hali imebadilika. Mzee hakumkatiza, wala hakumsaidia.

"Mwenyekiti, sisi ni wageni," alisema mwishoni. "Matofali yachukueni. Yakikaa hapa yataota majani tu."

Nilidhani baba atakataa. Alishukuru.

Masika yaliyofuata yule mama aliugua homa, akalala nayo ng'ambo mpaka maji yalipopungua. Alipoweza kuvuka alikuwa amekonda, anatembea kwa kushikiliwa. Baba alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha zahanati. Yule mama alimsalimia kwa mikono miwili, akamuuliza hali ya mama yangu. Baba alijibu, akainuka, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa naye kwenye foleni mpaka alipoitwa.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na watu walimheshimu. Kila nilipotambulishwa kuwa binti wa mwenyekiti aliyewaletea zahanati, niliitikia tu.