Mwalimu Koku, aliyenifundisha biashara kwa picha

Kichwa changu kinakataa. Jana tumemzika Mwalimu Koku kwao Kanazi, na leo mimi nimewasha simu nangoja darasa lake.

Ndugu zangu, mnanijua. Sikwenda shule hata siku moja. Naongea, simu inaandika. Pakikosewa mnivumilie.

Koku alitufundisha mkakati wa biashara, sisi wanawake kumi na wawili wa Muleba tunaouza senene, wale panzi wa kuliwa. Yeye alikuwa Dar, sisi tuko migombani, kila mtu na simu yake.

Siku ya kwanza alituletea ubao wa maandishi kwenye skrini. Nikamwambia wazi kwamba kwangu mimi hayo ni mavi ya nzi. Alicheka mpaka akakohoa.

Wiki iliyofuata ubao ulikuwa picha tupu. Sufuria, pikipiki, soko, mteja mwenye kitambi. Unaigusa picha kwa kidole, unaivuta unakotaka ikae, na wenzako wote wanaiona ikitembea. Aliuchora upya kwa ajili yangu mimi mmoja.

Ubaoni kulikuwa na chumba chekundu cha washindani, wale wanaotunyang'anya wateja. Wenzangu wakaweka wauza dagaa. Mimi nikawavuta wakwe, nikawatumbukiza humo. Darasa zima likaangua kicheko.

Sikuwa natania. Kwetu senene wa kwanza wa msimu hawauzwi, wanakwenda ukweni. Soko lina hamu, bei iko juu, na ndoo yangu iko kwa wakwe.

Koku hakucheka. Akasema, "Bibi, vitabu vyangu havina hilo."

Akachora kikapu cheupe pembeni, kikapu cha kutoa. Tukajifunza kukijaza hicho kwanza, halafu ndiyo tupange biashara na kinachobaki. Nani mwingine angemsikiliza bibi asiyejua kusoma, akabadilisha somo lake?

Mwezi uliopita alianza kufundisha kamera imezimwa. Tunasikia sauti, tunaona kimshale chake tu kikitembea ubaoni, polepole.

Na mimi na mdomo wangu huu nikamkemea mbele ya wote. Nikasema mwalimu anayeficha sura ana dharau.

Akajibu, "Samahani Bibi. Leo tazama ubao tu."

Waitu, jamani, alikuwa kitandani hospitalini. Mama yake ndiye kaniambia jana msibani. Nywele zilikuwa zimekwisha kichwani, hakutaka tumwone tukaanza kulia badala ya kusoma. Mama anamshikia simu, yeye anasogeza picha kwa kidole kimoja.

Mtu wa namna hiyo nikamwita mwenye dharau. Na sikuwahi kumwomba radhi akiwa hai.

Kwetu mkubwa hampigii mtoto magoti. Jana nilimpigia, kwenye udongo mbichi, ukoo wake wote unatazama. Mjomba wake akaja kuninyanyua, akasema mama, haifai hivyo. Nikamwambia aniache, hayajui yaliyo kati yetu.

Koku mwanangu, mwenye dharau nilikuwa mimi. Nisamehe. Wakola, asante kwa kuona nina akili wakati hata mimi nilikuwa sijaiona.

Lala mama. Lala vizuri.