Ukuta wa Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini mimi nilipewa koleo, Bwire akapewa ukuta. Tulifika pamoja kwenye nyumba kongwe ya mapadre, ufukweni upande wa Kirumba, mimi nikitoka Usagara, yeye Mjita wa Mara. Msimamizi wa Majengo alimtazama anavyoshika udongo, akasema huyu ana mkono. Nilimchukia kabla ya chai ya saa nne.

Ninyi vijana mnaopenda saruji, sikilizeni. Nyumba ile ni ya matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua tu. Ukiyapaka saruji, unyevu hukosa pa kutokea, tofali likaoza kimyakimya. Sisi tulipiga lipu ya udongo wa kichuguu, tukiuchanganya na kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, tukauvundika mpaka unuke. Kumalizia tuliweka mwiko chini, tukasawazisha kwa kiganja kilicholowana. Vidole vyetu viliacha mistari iliyopindia kulia. Bwire alitumia mkono wa kushoto, yake ikapindia kushoto, na wageni wote walisimama mbele ya ukuta wake.

Tulihamishwa pamoja hadi ghala kuukuu la Kigongo, enzi za kivuko, kabla ya daraja, kisha shule ya misheni huko ng'ambo ya ziwa. Kote nilifanya kazi safi, kote alisifiwa yeye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilingoja, jamaa hakutia hata tone.

Akafariki. Mimi nikastaafu. Masika iliyopita paa la nyumba ile ya mapadre lilivuja, kipande cha ukuta wake kikaanguka. Nilifurahi, wala sioni haya kusema. Paroko akaniita.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba uzibe, ila pasionekane pamezibwa."

"Marahaba. Yaani nifanye kama Bwire?"

"Kama yeye hasa."

Mkono wangu wa kulia ulinigomea: kila nikipitisha kiganja, mistari inakwenda kinyume. Nikabandua, nikaanza upya kwa kushoto. Mwanzoni ulikwaruza tu, mwishowe ukazoea. Lipu ilipokauka, hata mimi sikuuona mpaka kati ya lipu yake na yangu.

Juzi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi mwalimu mmoja alipoleta wanafunzi wa ujenzi. Aliweka kiganja palepale nilipoziba.

"Katika ukuta wote," akawaambia, "hapa ndipo marehemu Bwire alipofanya vizuri kuliko kwingine kote."

Wakapiga picha. Nami nikautazama mkono wangu wa kushoto, ambao miaka yote kazini haukuwahi kumaliza ukuta hata mmoja, nikauonea wivu.