Eustache na Gitaa Asilolisikia

Mara ya kwanza Eustache kumsikia Libère akipiga gitaa, alikuwa na miaka kumi na saba na amevaa viatu vya kuazima. Ilikuwa Jumapili alasiri mjini Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwenye ukumbi ambako vijana waliruhusiwa kucheza muziki mpaka saa kumi na mbili, kisha wakafukuzwa ili wakubwa waingie. Bendi ya siku hiyo iliitwa Bana Rusizi. Eustache, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, hakumjua mtu pale ndani. Akasimama kando ya spika, upande wa kushoto, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi.

Libère ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote jukwaani. Alikuwa mwembamba, na alipiga gitaa akiangalia sakafu kama mtu aliyedondosha sarafu. Wenzake walirukaruka na kujipangusa jasho. Yeye hakusogea. Lakini sauti iliyotoka kwenye zile nyuzi, Eustache anasema mpaka leo, ilimshika tumboni.

"Sikucheza hata kidogo," husimulia. "Nilisimama tu. Msichana mmoja akaniuliza kama ninaumwa."

Baada ya onyesho alimsubiri nje, akambebea sanduku la nyaya hadi kwenye gari. Jumapili iliyofuata akalibeba tena. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na kwa miaka karibu arobaini Eustache hakukosa onyesho la Libère isipokuwa akiwa mgonjwa au akiwa nchi nyingine.

Mwaka 1995 Eustache alihamia Kigali, Rwanda, nchi ambayo wazazi wake walimsimulia lakini hakuwahi kuiona. Alikuwa fundi seremala tayari. Miaka miwili baadaye Libère naye akafika, akikimbia vita vya kwao Burundi, gitaa likiwa limefungwa ndani ya blanketi. Hakuwa na kazi. Eustache alimfundisha kupiga randa, kupima, kuunga mbao kwa gundi na kuzibana. Walipohamia kwenye karakana za mtaa wa Gisozi, waliweka mashine yao pamoja, wakatengeneza vitanda na makabati. Wikiendi, Libère alipiga muziki na bendi ndogo aliyoiunda na majirani zake wa mtaa wa Nyakabanda. Waliita bendi hiyo Les Voisins, maana ndivyo walivyokuwa, majirani.

Eustache anakumbuka onyesho lao la kwanza, kwenye ukumbi wa shule moja, mwaka 1998, miaka minne baada ya mauaji ya kimbari. Watu walikaa kwenye viti vilivyopangwa kwa mistari kama kanisani. Nyimbo tatu zilipita na hakuna aliyetikisa hata mguu. Kila mtu pale ndani alikuwa na watu wake aliowazika, au ambao hajui wamelala wapi. Nani angekuwa wa kwanza kusimama na kucheza? Libère alipiga akiangalia chini vilevile. Kwenye wimbo wa nne, mama mmoja mtu mzima, aliyevaa kitenge cha rangi ya udongo, akasimama peke yake katikati ya viti, akanyoosha mikono polepole. Alikuwa analia. Wengine wakasimama mmoja mmoja. Eustache anasema hajawahi kuona watu wakicheza kimya namna ile.

Anakumbuka pia lile la mwaka 2006, kwenye uwanja wa mpira, mvua ilipowakuta na watu wakajifunika kwa viti vya plastiki vichwani, wakaendelea kucheza. Na lile ambalo umeme ulikatika, mwimbaji akaishiwa sauti, ikabidi Libère ashuke jukwaani na gitaa kavu, lisilotumia umeme, azunguke katikati ya watu akipiga, huku wao wenyewe wakiimba. Alipomfikia Eustache alisimama mbele yake, akampigia kwa muda wa kama dakika nzima, kisha akaendelea na safari yake.

Mke wa Eustache, Daphrose, hakuwa mpenzi wa muziki. Alienda mara mbili tatu, akarudi na maumivu ya kichwa.

"Kwa nini lazima usimame pale kwenye spika?" alimuuliza. "Si ungekaa huku nyuma na watu wenye akili?"

"Huku nyuma muziki unafika umechoka," Eustache alimjibu.

Mwaka 2019 ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa yeye hakukubali mpaka baadaye sana. Kwanza zilipotea sauti ndogo: ndege wa asubuhi, kijiko kwenye kikombe. Kisha maneno. Alisikia kwamba mtu anaongea, lakini maneno yalifika kama yamepita ndani ya maji. Akaanza kujifunza ujanja. Alitazama midomo. Wenzake wakicheka, naye akacheka. Akiulizwa swali, alijibu "Eh, ni kweli," na mara nyingi jibu hilo lilitosha.

Nyumbani halikutosha. Daphrose alimwambia jambo mara mbili, mara tatu, kisha akanyamaza.

"Baba Liliane," alimwambia siku moja, akiwa amesimama mbele yake kabisa, "umeamua kunidharau?"

"Nimekudharau wapi?"

"Ninaongea na wewe tangu nimeingia. Unaangalia ukuta."

"Nina mawazo ya kazi."

Ilikuwa rahisi kwake kuonekana mume mbaya kuliko kuonekana kiziwi. Fundi kiziwi nani atamwachia mashine? Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema hata moyoni mwake: yeye alikuwa mtu wa muziki. Nyakabanda nzima ilimjua hivyo. Wanamuziki wenyewe walimuuliza, "Mzee Eustache, leo tumepigaje?" na walingoja jibu lake.

Mwaka 2022 Les Voisins walifanya onyesho kubwa katika ua wa baa moja pale Nyakabanda, Jumapili mchana. Walikuja watu ambao hawakuonana kwa miaka. Eustache alisimama mahali pake, kando ya spika ya kushoto. Ngoma aliisikia, tena vizuri, na besi aliisikia kwa miguu. Gitaa halikuwepo. Alitazama vidole vya Libère vikipanda na kushuka, akaona watu wakifumba macho, akaona mama mmoja akijishika kifua, akajua kwamba hapo ndipo penyewe. Akafumba macho na yeye. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na mvumo tu, kama wa friji ya zamani.

Libère alishuka amelowa jasho, akaja moja kwa moja kwake. Eustache alisoma midomo: "Imekuwaje?"

"Ndugu yangu," Eustache alisema, "tangu Buyenzi hujawahi kupiga hivi."

Libère alimkumbatia. Wiki nzima karakanani aliwaambia watu maneno hayo. Alikuwa mtu asiyejisifu, lakini hilo alilirudia, kwa sababu lilitoka kwa Eustache.

Ajali ilitokea mwezi Machi mwaka uliofuata, saa nne asubuhi. Walikuwa wanapasua mbao za kitanda. Kipande kilikwama kwenye msumeno wa umeme, Eustache akauzima, Libère akainama upande wa pili akaanza kukichomoa kwa mkono wa kushoto. Karakana ya jirani walikuwa wanachomelea vyuma. Libère, bila kuinua kichwa, alisema, "Bado, usiwashe."

Eustache aliona midomo kwa upande. Alipata mwisho wa neno tu. Kichwani mwake likawa "washa."

Akawasha.

Yasmina, mwanamke aliyekuwa akipiga vanishi kabati mlangoni, ndiye aliyeruka na kuizima mashine. Eustache alibaki amesimama na mkono wake karibu na swichi. Aliona mdomo wa Libère umefunguka wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne sauti ya Libère ikamfikia wazi kabisa.

"Damu iko nyingi!" Yasmina alipiga kelele. "Mzee, leta kitambaa! Mzee! Husikii?"

Libère alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete. Mkono huo ndio wa kubonyezea nyuzi.

Watu wa Gisozi walisema ni ajali, na ajali za msumeno wanazijua. Walikuja kumpa Eustache pole kama walivyompa Libère. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomtesa. Alienda kumwona Libère, akakaa kando ya kitanda, akazungumzia hali ya hewa na mteja wa kitanda. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji nene nyeupe, umewekwa juu ya mto. Libère hakuuangalia, na Eustache hakuweza kuacha kuuangalia. Mara tatu alijiambia atasema. Mara tatu aliaga na kuondoka.

Aliacha kula vizuri. Daphrose, ambaye alishazoea kutojibiwa, aliona kwamba safari hii ni kitu kingine. Jioni moja alipokuwa akichambua mchele alisema jambo, akangoja, kisha akasema tena kwa nguvu. Eustache hakugeuka. Daphrose akashika kifuniko cha sufuria, akakigonga sakafuni nyuma yake. Eustache hakugeuka.

Daphrose alizunguka akapiga magoti mbele ya mumewe. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Husikii," alisema polepole, kwa midomo iliyo wazi. "Mungu wangu, si dharau. Husikii."

Ndipo Eustache akalia. Akamwambia yote, pamoja na neno lile "usiwashe," ambalo alikuja kulielewa baada ya kuchelewa.

Walienda pamoja hospitali ya Kibagabaga. Daktari alimvalisha vidude masikioni, akamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Eustache alikaa muda mrefu na mikono juu ya mapaja, akidhani kipimo hakijaanza. Daktari aliandika kwenye karatasi kwamba masikio yote mawili yameharibika, la kushoto zaidi, na kwamba hayatarudi. Aliuliza kuhusu mashine. Kisha akauliza kama mzee amewahi kukaa karibu na spika za muziki. Daphrose aliinamisha kichwa.

Siku iliyofuata Eustache alienda Nyakabanda. Libère alikuwa ameketi barazani, bandeji imeshatolewa, mkono mapajani. Gitaa halikuonekana popote. Eustache hakukaa.

"Siku ile uliniambia nisiwashe," alisema. "Mimi nilisikia washa. Masikio yangu yamekufa, Libère. Nilijua. Nilificha."

Libère alisogeza midomo vizuri, kama mtu anayemsomesha mtoto.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

Libère alihesabu. Eustache alimwona akihesabu, akaona pale hesabu ilipofika.

"Kwa hiyo lile onyesho letu," Libère alisema. "Ulisema tangu Buyenzi sijawahi kupiga vile."

"Nilisema."

"Ulisikia?"

"Ngoma nilisikia."

"Nimekuuliza gitaa."

"Hapana. Sikusikia hata uzi mmoja."

Libère aliinuka. Eustache alidhani atampiga, na angefurahi kupigwa. Lakini Libère alisimama tu, mkono mbovu umeshika nguzo ya baraza.

"Vidole vimekatwa na mashine," alisema. "Mashine haina macho. Hilo ningeweza kulimeza. Lakini lile neno, Eustache. Nimelala hospitali nikijiambia: hata nisipopiga tena, nilifika pale, Eustache mwenyewe alisema. Nilikuwa nalishikilia hilo. Sasa unanipokonya na hilo."

"Watu walisikia. Niliwaona. Mama mmoja alijishika kifua…"

"Sikumuuliza mama mmoja. Nilikuuliza wewe."

Akaingia ndani. Eustache alibaki uani, asijue kama nyuma ya ule mlango kuna mtu anaongea au kuna kimya.

Hawakufanya kazi pamoja tena. Libère alichukua sehemu yake ya vifaa, akapata kazi ya kupokea na kuandika mbao kwenye bohari moja. Eustache aliachana na mashine. Anapiga msasa kwa mkono, anapaka vanishi pamoja na Yasmina, ambaye humgusa bega kabla ya kumwambia jambo. Amepata kifaa cha sikio. Kinamsaidia kumsikia Daphrose mezani, na sasa wanaongea zaidi kuliko walivyoongea kwa miaka kumi, wakati mwingine mpaka chakula kinapoa. Muziki hakiuwezi. Kinaugeuza kuwa mabati yanayoburutwa.

Mwaka huu, mwezi Februari, Les Voisins walipiga tena na mpiga gitaa mpya, kijana aitwaye Bruce. Daphrose ndiye aliyemwambia mumewe aende, na akaenda naye. Walikaa nyuma, kwenye benchi. Eustache alizima kifaa chake na kutazama.

Libère alikuwepo, upande wa pili wa ua, amesimama karibu na ukuta na mkono mfukoni. Nyimbo mbili zilipita. Kisha akaja, akapita katikati ya wachezaji, akamsalimu Daphrose kwa heshima. Akainama mbele ya Eustache ili midomo yake ionekane.

"Unasikia nini?"

"Ngoma. Besi kidogo."

"Na gitaa?"

"Hapana."

Libère aligeuka akamtazama Bruce kwa muda, jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye nyuzi.

"Anapiga vizuri," Libère alisema mwishowe. "Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kujua mwenyewe."

Hakukaa. Alirudi mahali pake karibu na ukuta, na kabla wimbo haujaisha alikuwa ameondoka. Daphrose aliuliza kama na wao waende. Eustache alitikisa kichwa, akamwomba wakae mpaka mwisho.