Tekla, fundi asiyemwaga pipa kabla ya kuchungulia

Saa mbili asubuhi ukungu bado umeishika Iyunga, jijini Mbeya, na malori ya barabara kuu yanapita yamewasha taa. Ndani ya studio ya picha ya Sedekia Nzunda, Tekla Mgongolwa amekaa mbele ya kompyuta, khanga ameifunga juu ya koti. Hagusi kitu. Anasoma kwanza.

Kwenye kioo kuna ujumbe mmoja, na kila Sedekia akijaribu tena unarudi uleule: programu ya kusafishia picha haiwezi kufunguka, diski imejaa.

Nyuma yao, kwenye benchi la wateja, amekaa Faustina. Baba yake, mzee Zabron, anazikwa leo saa nane mchana. Kwa desturi ya huku, mjukuu hutangulia mbele ya jeneza amebeba picha ya marehemu. Mjukuu yupo. Picha haipo.

Faustina anayo moja kwenye simu. Mzee ameinama katikati ya matuta ya viazi, kofia imemfunika mpaka puani.

"Watu watauliza tunamzika nani," anasema Faustina. "Picha yake nzuri ilipigwa hapahapa, siku aliyosimikwa uzee wa kanisa. Amevaa suti. Baba yangu suti alivaa siku hiyo tu."

"Nilimpiga mwenyewe, dada Fau, nakumbuka," anajibu Sedekia. "Ila sioni nilikoiweka. Na hata nikiiona, kuisafisha na kuitoa kubwa siwezi, programu imegoma. Tekla, wewe mwaga tu hilo pipa la taka la kompyuta tupate nafasi. Limejaa uchafu."

"Umeangalia ndani?"

"Pipa la taka nani anaangalia?"

"Mimi," anasema Tekla.

Hiyo ndiyo kazi yake. Mama huyu wa watoto wawili anazunguka studio za picha kuanzia Mbeya mpaka Iringa, na mara nyingine hushuka Chunya, kwenye vumbi la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Anatibu ugonjwa mmoja ambao mafundi wengi wanaudharau: kompyuta iliyojaa mpaka programu ya picha inakataa kufunguka.

"Fikiria fundi cherehani," anaeleza. "Kitambaa anacho, mkasi anao, lakini meza yote imejaa nguo za watu. Atakatia wapi? Programu nayo inataka meza. Ukimjazia meza, hafanyi kazi."

Kwa studio moja hulipwa elfu kumi na tano, ikiwa na shida kubwa elfu thelathini. Kwa kazi hiyo amewalipia watoto wake shule, na nyumba ya mama yake kule Kalenga, mkoani Iringa, ameiezeka bati.

Kalenga ndiko alikozaliwa. Alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua Iringa mjini, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Hapo akaanza kuwatazama wapiga picha wanavyofanya.

"Mpiga picha wa huku hafuti mtu," anasema. "Anajua siku mtu akifariki, ndugu watakuja mbio. Tena kumfuta aliye hai anaona ni kama kumtakia mabaya. Basi kompyuta ikijaa anafanyaje? Anamtupa kwenye pipa la taka, halafu pipa halimwagi. Moyoni anasema, nikimhitaji nitamtoa. Miaka inapita, anasahau kwamba lile pipa aliligeuza kabati."

Anacheka kidogo. "Kuna studio Chunya nilikuta kwenye pipa mna kipaimara, mna harusi, mna na mbuzi wa mtu, peke yake, amepozi kabisa. Nikamuuliza mwenye studio kwanza. Akaniambia, dada, huyo usimguse, huyo alitolewa mahari."

Sasa Tekla anafungua pipa la Sedekia. Sura zinajaa kioo kizima: maharusi, watoto wa ubatizo, wanafunzi wenye vitambulisho shingoni.

Sedekia anajishika kichwa. "Kumbe humu ndimo nilimowaweka!"

"Alisimikwa lini mzee?" Tekla anauliza bila kugeuka.

"Sikukuu ya Mavuno, mwaka juzi," anajibu Faustina.

Tekla anazipanga picha kwa tarehe, anashuka polepole. Faustina ameshasimama, mkono uko kwenye bega la Tekla.

"Rudi juu. Tena. Huyo! Huyo hapo, baba!"

Mzee Zabron amesimama na Biblia kifuani, suti nyeusi, tai imekwenda upande.

Sedekia ananyoosha mkono kuelekea kwenye kipanya. Tekla anamzuia kwa kiwiko. Picha ya mzee anainakili kwanza kwenye flashi yake. Diski ya kompyuta hii imegawanywa vyumba viwili: kimoja, ambamo programu hufanyia kazi, kimejaa pomoni, cha pili karibu kitupu. Anaanza kuwahamishia wote kwenye kile kitupu, na mstari wa kijani unatambaa.

"Tekla, mama, jeneza halisubiri," anasema Sedekia.

"Nikikatisha katikati, nao hawa utawaambia nini ndugu zao?"

"Nyie Wahehe wabishi jamani."

"Ndiyo maana mmeniita."

Hata Faustina anatabasamu.

Mstari unafika mwisho. Tekla anahesabu sura kule zilikohamia, anahakikisha zimetimia, ndipo anafuta mabaki ambayo programu huyaacha kila umeme unapokatika ghafla. Mwisho anaielekeza programu itumie chumba kile chenye nafasi. Anabofya. Inafunguka.

Anasimama na kumpisha Sedekia kiti. Hapo sasa ni kazi ya mwenzake, na mwenzake anaijua: anaondoa kivuli usoni, ananyoosha tai, anang'arisha macho. Saa tano haijafika, mzee Zabron yuko kwenye fremu.

Faustina anaipokea kwa mikono miwili. Anaitazama. Anaifuta kioo kwa kitenge, ingawa haina vumbi.

"Kabla ya kwenda makaburini tunasoma shukrani," anasema hatimaye. "Nikuandike nani? Niseme fundi wa kompyuta?"

"Hapana, dada. Niandike jina lote," anasema Tekla. "Tekla Mgongolwa, wa Kalenga. Na wasome taratibu."

Anakusanya waya zake. Mpango wake ni kupanga chumba hapa Iyunga na kingine Iringa mjini, kila kimoja na diski kubwa, ili studio za mikoa yote miwili ziwe zinaleta nakala za picha zao. Ya Mbeya ikiharibika, ya Iringa ipo. Diski ya kwanza ameshainunua, na Sedekia amesema ataanza yeye kuleta.

"Kwetu huku wako watu wanaopigwa picha nzuri mara moja tu tangu wazaliwe," anasema Tekla, ameshika mlango. "Hiyo moja isije ikapotelea mikononi mwetu."