Siku Niliyoisafisha Michungwa ya Mama Salome

Jamani, hili nalisimulia nimeinamisha uso, maana hata leo nikipita Mikumi kuna watu wananiita "Daktari wa Miti", na si kwa heshima.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye kibanda kafungua biashara, na bosi wangu Mama Salome akafungua kitalu cha miche kando ya barabara ya Iringa. Akaleta fundi kutoka Morogoro atufundishe wafanyakazi wake siku tatu nzima; mimi nikakaa saa moja tu nikaondoka (nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya jioni pale Kilosa, cheti kiko kwenye bahasha, nikaona Biolojia yangu inamtosha hata fundi mwenyewe).

Asubuhi ya mkasa Mama akaniambia, "Wateja wa kule mlimani Vidunda wanakuja kuchukua michungwa yao. Safisha kitalu, king'ae." Akaenda stendi kuwapokea. Lilikuwa agizo lake kubwa la kwanza; watu hao wakiridhika, mlima mzima utanunua kwake.

Nikaingia na mkasi. Kila mche una machipukizi mawili: moja nene, limechomoza chini kwa nguvu kama askari wa gwaride, jingine dhaifu, limefungwa nailoni kama kidole kilichoumia. Nikasema, kumbe tunauza wagonjwa! Nikakata madhaifu yote, miche mia mbili, mpaka malengelenge yakanitoka, nikafagia, nikachoma moto. Kitalu kiling'aa hadi nyani wa mbugani wangetamani kuhamia.

Wakaja watu kumi na wawili, wameshuka mlima tangu alfajiri, Mama kawatangulia anatabasamu. Nikawapa hotuba ndefu. Bibi mmoja mwenye kikapu nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akachuma jani, akalifikicha, akanusa.

"Mjukuu wangu, hili si limau?"

"Chungwa hilo, bibi! Likiwa dogo hunukia hivyo." (Mungu anisamehe.)

Mama Salome akaushika ule mche, akautazama, akatazama wa pili, wa tatu, wa kumi. Akakaa chini kwenye udongo na kitenge chake kipya.

"Hamisi, vile vya nailoni viko wapi?"

"Vile vigonjwa, Mama? Nimevitoa."

"Hiyo ndiyo michungwa! Chini ni mlimau, chungwa tulilibebesha juu yake tukalifunga nailoni! Umeipeleka wapi?"

Nikaonyesha majivu kwa kidole.

Kisha mzee mmoja nyuma akapasuka, "Daktari kakata kichwa, kaacha jipu!" na watu wakacheka hadi wapita njia wakaingia kuuliza kuna nini.

Mama akawaambia atabebesha upya, warudi mwakani.

"Mwakani?" bibi akasema. "Mwanangu, mimi nilitaka nimenye chungwa la shambani kwangu. Mwakani naijua mimi?"

Kicheko kikakatika kama kimekatwa na mkasi wangu. Mama akageuza uso. Mimi nikajikuta nimepiga magoti mbele ya watu wote, naapa nitampelekea bibi miche yake kichwani mpaka mlimani, na kwamba fundi akirudi nitakaa mbele, siku zote tatu, mdomo nimefunga.

Mwakani ulipofika mlima nimeupanda, nusura unitoe roho, na bibi nilimkuta hai, akaipokea miche mwenyewe. Lakini Mama hakunirudishia mkasi kwa miezi minane, na tangu uliporudi mkononi sikati hata jani kabla sijamuuliza aliyeliotesha.