Maua ya Gauni la Dada Anna

Harufu ile ilinikamata kichochoroni nyuma ya maduka ya Zhanxi, mjini Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa natafuta viatu vya watoto vya kupeleka Singida. Ilikuwa kali kama siki iliyosahauliwa juani, na miguu yangu ya kizee ikasimama yenyewe. Mpwa wangu Elibariki, aliyekuwa akisoma chuo mjini humo na kunitafsiria bei, akaziba pua.

"Mjomba, twende. Laoban, mwenye duka la viatu, anatusubiri, na jana ulimwambia bei yake ni wizi."

"Mwache huyo tajiri asubiri. Humu ndani wanasafisha picha."

Kwenye upenyo wa pazia tulimwona mzee wa Kichina akigeuza kopo jeusi taratibu sana. Kisha akaliweka mezani, akakunja mikono.

"Mbona halitikisi?" Elibariki akauliza.

Nikacheka peke yangu. Swali hilo nilishalijibu vibaya nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Baba alikuwa na studio Singida, na chumba chake cha giza kilikuwa zamani stoo ya mahindi. Chupa ya dawa aliitumbukiza kwenye beseni la maji ya mtungi ipoe, kwa sababu dawa ya moto, alisema, ina hasira: inakimbilia weupe na kuacha kijivu nyuma. Kijivu ndicho alichokithamini. "Weusi na weupe hata mkaa na chokaa vinao," alituambia. "Sura ya mtu inakaa katikati."

Dada Anna alipoolewa, Baba mwenyewe alimpiga picha mlangoni mwa kanisa. Gauni lilikuwa jeupe, na Mama alikuwa amelidarizi maua meupe kwa mkono, msimu mzima wa mvua. Kesho yake Anna alipanda lori na mumewe kwenda Kigoma, na gauni likaenda naye. Mama akabakiwa na filamu ile tu.

Baba alikuwa ndiyo kwanza ameitia dawa mteja alipobisha hodi. Akanikabidhi kopo lililofunikwa. "Ligeuze polepole, kisha lipumzishe. Dawa inajua kazi yake."

Mimi nilijua zaidi ya dawa. Kwetu maziwa yalisukwa kwenye kibuyu, na Mama hakuchoka kusema mvivu hali siagi. Nikaliweka kopo gotini, nikalisuka kwa mikono miwili, nikiimba, hadi jasho likanidondoka puani. Nilitaka Baba akute picha imeiva sawasawa.

Alirudi, akasimama mlangoni. "We bwana! Siagi imetoka?"

"Bado kidogo, Baba," nikajibu kwa fahari.

Kwenye filamu cheupe huonekana cheusi, na gauni la Anna lilikuwa jeusi tititi, ua hata moja halionekani. Leo naweza kueleza bila kusita: kila nilipotikisa, nilipeleka dawa mpya pale palipopigwa na mwanga mwingi, nayo ikazidi kula. Kwenye vivuli haikuwa na kazi kubwa. Weupe ukapaa, weusi ukabaki chini, katikati pakavunjika.

Baba alijaribu karatasi yake laini kuliko zote, ile inayopunguza tofauti ya weusi na weupe. Akiyaokoa maua kidogo, uso wa Anna unazama kwenye masizi. Akiuokoa uso, gauni linakuwa ukuta wa chokaa. Mwisho akachapa picha mbili, akaziweka mbele ya Mama achague, nami nimejibana nyuma ya mlango nikisubiri fimbo.

Mama alizitazama muda mrefu. "Nipe hii yenye mwanangu," akasema. "Maua nitadarizi mengine."

Fimbo haikuja. Nikashukuru Mungu, nikaamini mambo yameisha. Baba akanifundisha upya kwa maji matupu hadi mkono ukatulia, na katika miaka yote niliyosafisha filamu baadaye, sikuunguza tena kijivu cha mtu.

Picha ilitundikwa sebuleni. Mara nyingi nilimkuta Mama akipitisha kidole juu ya kioo, kuanzia kifuani mwa Anna hadi kwenye pindo, akikitua hapa na pale. Nilidhani anafuta vumbi. Siku moja nikamletea kitambaa. Akakipokea, akaniambia ahsante, baba. Nilikuwa na watoto wangu, na Mama ameshazikwa, nilipotambua kwamba kidole kile kilikuwa kinatua kila mahali palipokuwa na ua.