Kikapu cha Amwani Mezani kwa Mackrine

Mackrine binti Telesfori hakusahau. Wapo watu wanaosema wamesamehe, kumbe wamesahau tu, halafu wanataka wasifiwe. Yeye hakuwa wa aina hiyo. Kosa alilofanyiwa alilitunza miaka sita, akalipalilia kama anavyopalilia migomba yake kule Bweranyange, na siku alipopata nafasi ya kulipiza, watu wote walidhani ana roho ya malaika.

Kiwanda chenyewe ni cha kukoboa kahawa, si kikubwa, kiko kando ya barabara ya vumbi jekundu inayoelekea Kanoni. Wakulima huleta kahawa yao ya maganda, mashine inakoboa, kisha wanawake kumi na wanne huketi kwenye meza ndefu, kila mmoja na sinia lake, wakitoa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, vijiti na mawe. Mackrine aliingia pale akiwa na miaka ishirini na tisa, na kwa wepesi wa vidole hakuwa na mpinzani. Msimamizi wa meza siku hizo alikuwa Prudensia, mwanamke wa Muleba, mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya kukata. Jiwe moja likikutwa kwenye gunia lako, Prudensia alikusimamisha mbele ya wenzako, akakupiga picha ukiwa umeshika sinia, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda. Kufika jioni picha ilikuwa imeshawafikia mashemeji.

Kisa kilianza Jumamosi moja ya Septemba. Kahawa ilikuwa imeanikwa nje kwenye maturubai, jua kali, mbingu nyeupe. Prudensia alifunga ghala, akaondoka na ufunguo kwenda kwenye sherehe ya kumuaga binti wa ndugu yake. Saa nane mvua ikashuka bila kubisha hodi. Wanawake waliburuta maturubai hadi mlango wa ghala, wakakutana na kufuli. Simu ya Prudensia haikupatikana. Walisimama pale wakilowa pamoja na kahawa ya watu.

Jumatatu kahawa ilinuka ukungu. Meneja wa wakati ule aliuliza ufunguo alikuwa nao nani, na Prudensia, bila kupepesa macho, akasema alimwachia Mackrine. Mackrine aliapa kwamba si kweli. Aliwatazama wenzake, ambao wote walikuwa pale mlangoni, wote walijua. Hakuna aliyeinua uso. Kila mmoja alikuwa anatazama sinia lake kana kwamba kuna maandishi ndani yake.

Wakampeleka kwenye makapi, nyuma ya jengo, kuzoa maganda yanayotemwa na mashine. Misimu minne alikohoa vumbi lile. Sokoni walimbandika jina, Mama Ufunguo. Hayo angeweza kuyameza. Lililomshinda ni la baba yake. Mzee Telesfori alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, masikio yamekwisha kumchoka. Jioni moja alimwita uani akamuuliza, "Mwanangu, ule ufunguo ulikuwa nao?" Mackrine akasema hapana. Mzee akatikisa kichwa polepole, na Mackrine hakujua kama amesikia jibu au ametikisa tu kwa kukata tamaa. Hakumrudia kumwambia kwa sauti zaidi, maana aliona aibu kupiga kelele kwa jambo kama lile. Mwaka uliofuata mzee akafa, na hakuwa ameuliza tena.

Siku ya matanga Mackrine aliapa moyoni. Prudensia atasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ufunguo alikuwa nao yeye. Atasema mbele ya meza nzima, si pembeni, si kwa barua. Hakutaka kitu kingine kwake, na hakutaka kupunguziwa.

Makapi yalimfundisha jambo. Kila alipozamisha mikono kwenye lile rundo, aliibuka na kahawa safi, punje nzuri za kijani, viganja vizima. Alijua zilikotoka. Mwanamke akigundua amechanganya punje mbovu na nzuri, badala ya kusema na kupigwa picha, alisubiri Prudensia ageuke, akamwaga sinia zima kwenye makapi. Meza ilikuwa inaficha makosa yake kwa kuyatupa pamoja na mali za watu.

Alipokuja meneja mpya, Nestory, mtu mpole wa Kyerwa, wakulima walikuwa wananung'unika kwamba kahawa yao inapungua njiani. Aliitisha kikao, akauliza, wakakaa kimya. Akazunguka nyuma ya jengo, akamkuta Mackrine na koleo lake. Mackrine hakumweleza mengi. Alichota makapi kwa mikono miwili, akapuliza, akamwonyesha kilichobaki kiganjani.

"Wanaogopa kuliko wanavyochambua," akamwambia.

Nestory hakuwa mzito wa kuelewa. Ndani ya mwezi mmoja Prudensia alivuliwa usimamizi, Mackrine akapewa. Meneja akamuuliza kama angependa Prudensia ahamishiwe kwenye mzani, wasikwaruzane.

"Abaki mezani," Mackrine alijibu haraka mno. "Tena akae jirani yangu."

Watu walimsifu. Kanisani mchungaji alimtoa kama mfano bila kumtaja jina, na Mackrine akainamisha kichwa ili asionekane anavyotabasamu. Alitaka mdomo wa Prudensia uwe karibu, auone ukifunguka.

Basi akatengeneza mtego wake. Kila nyumba ya kule ina amwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani ya harufu kisha ikakaushwa, na mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Mackrine alisuka kikapu kidogo chenye mfuniko, akakijaza amwani, akakileta kazini. Akawaambia kuanzia siku hiyo hakuna sinia litakaloguswa asubuhi kabla kikapu hakijazunguka. Kila mmoja atachukua punje moja, ataje alichokiharibu jana, kisha ampe jirani yake. Anayepokea atasema "Tumesikia", na jambo litakuwa limekwisha. Lililosemwa halina adhabu, halina picha, halitarudiwa sokoni. Lililofichwa ndilo litakaloadhibiwa. Kikapu kitaanza kwake yeye msimamizi, kitapita wote, na wa mwisho kukishika atakuwa Prudensia, aliyekaa mkono wake wa kulia.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Watu wakizoea kusema, atakayenyamaza ataonekana. Siku moja meza nzima itakuwa imejianika, na Prudensia atabaki peke yake na lile la kwake kooni.

Wiki mbili za kwanza alisema yeye tu. Alisema alimpa mtu gunia lisilo lake, alisema aliondoka bila kufunga dirisha. Wenzake walitafuna amwani kimya, wakimwangalia kama mtu anayechezea moto. Siku ya kumi na tano Costansia, mkubwa wao kwa umri, alikishika kikapu muda mrefu, kisha akasema haoni tena punje zenye tundu dogo, na mwaka mzima alikuwa akibahatisha. Jirani yake akasema "Tumesikia". Mackrine alimhamishia dirishani, kwenye mwanga, na Nestory akamtafutia miwani. Hakuna aliyecheka.

Hapo mdomo wa meza ukafunguka. Mmoja alisema mtoto anaumwa na akili yake haipo, wenzake wakagawana sinia lake siku hiyo. Mwingine alisema amechanganya magunia, wakayachambua upya kwa pamoja kabla ya saa nne. Mackrine mwenyewe alijifunga na kanuni zake: aliyekosea alimrekebisha pembeni, aliyefanya vizuri alimsifu mbele ya watu, na simu yake ilikaa mkobani. Makapi yakawa makapi matupu. Wageni walikuja kutoka vyama vya wakulima vya Kyerwa kutazama, wakimuuliza siri yake na kuandika kwenye madaftari. Aliwaambia kiongozi aanze yeye kusema alipokosea, asingoje wa chini yake. Maneno yalikuwa ya kweli. Tumbo lililokuwa likiyasema ndilo lilikuwa na nyongo.

Kwa maana Prudensia hakusema. Yaani alisema, lakini vijambo vya kitoto. Jana nilichelewa dakika kumi. Jana nilimwaga maji karibu na magunia. Kila asubuhi Mackrine aliufuata ule mdomo kwa macho, na kila asubuhi alipokea kikapu, akasema "Tumesikia" kwa meno yaliyobana. Msimu ukapita, ukaingia wa pili. Alichoka kungoja.

Alhamisi moja, wenzake wakiwa nje wanakula ndizi kivulini, Mackrine alibaki ndani. Alichota mawe kwenye kopo la takataka, akafungua gunia lenye jina la Prudensia, akayasukumiza chini, akalifunga tena kwa fundo lilelile. Hakusikia aibu. Alisikia furaha, na ni vizuri isemwe. Kesho yake gunia lilipopekuliwa kwenye mzani yalikutwa mawe kumi na moja. Nestory aliyaweka juu ya meza bila neno, maana siku hizo aliwaachia meza wenyewe.

Asubuhi ya Jumamosi Mackrine alikianzisha kikapu. Akasema jana alimkatiza Costansia katikati ya maneno, akaomba radhi. Kikapu kikazunguka taratibu, na kwa mara ya kwanza aliona wanawake wana mikono mizito. Kikamfikia Prudensia. Mwanamke yule alikuwa amekonda msimu ule, na ile sauti ya kukata ilikuwa imekwisha.

Akasema mawe kumi na moja yamekutwa kwenye gunia lake. Hakumbuki yalivyompita, lakini gunia ni lake na mikono ni yake. Akasema hakulala kwa kuogopa asubuhi hii, kwa sababu anajua yeye alikuwa akiwafanyia nini wengine kwa jiwe moja.

Mackrine alingoja kicheko. Alikuwa amekingoja tangu Alhamisi. Badala yake Costansia akainuka, akamwambia Prudensia ahamie dirishani, nafasi yake. Mwingine akasema atakuwa analipitia sinia lake kabla halijaingia guniani. Nyuso zote zilikuwa zimeinuka, zinamtazama Prudensia usoni. Zilezile nyuso. Miaka sita iliyopita zilikuwa kwenye masinia.

Mackrine alishikwa na wivu. Kitu kile alikijenga yeye, asubuhi baada ya asubuhi, na mtu wa kwanza kuokolewa nacho alikuwa huyu. Prudensia alikuwa amemnyooshea kikapu. Kilichobaki ni kukipokea na kusema neno moja. Alikipokea, na neno halikutoka, kwa sababu aliona wazi amesimama mahali gani. Mtu mwingine alikuwa amebeba kosa lake mbele ya watu, na yeye alikuwa amenyamaza, bila kupepesa macho.

"Mawe niliyatia mimi," akasema. "Alhamisi, mkiwa mnakula. Nilitaka mmuone kama mlivyoniona mimi siku ya ufunguo. Mimi hamkunitazama. Hata mmoja."

Mashine ilikuwa haijawashwa. Kikapu kilikuwa mikononi mwake na hakukuwa na wa kumpa. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa ndani, yule aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni mwa ghala siku ile ya mvua. Kisha Prudensia, aliyesingiziwa, akanyoosha mkono, akakitoa kikapu kwenye vidole vya Mackrine.

"Tumesikia," akasema.

Hakuna adhabu iliyofuata, kanuni ilikuwa ya Mackrine mwenyewe. Angeomba apigwe picha kuliko kushinda siku ile mezani pamoja nao. Jumapili hakwenda kanisani.

Jumatatu kikapu kilizunguka kama kawaida. Kilipomfikia Prudensia alisimama, jambo ambalo halikuwa la desturi, akakiinua mbele ya kifua.

"Ufunguo wa ghala ulikuwa mkobani mwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mackrine hakuwahi kuushika. Nilisema uongo."

Akamnyooshea kikapu. Mackrine hakukipokea. Aliiacha mikono ile ikining'inia hewani, na alipenda kuiona ikianza kuchoka. Miaka sita alikuwa ameyangoja maneno yale, na yalipofika yalikuwa machache, yameisha kabla hajayaonja. Hakuna kilichobadilika usoni mwa wenzake. Baba yake alikuwa bado amelala Bweranyange chini ya migomba, akiwa hajajibiwa.

"Rudia," Mackrine akasema. "Kwa sauti. Baba yangu alikuwa mzito wa kusikia."

Prudensia alimwangalia. Kisha akavuta pumzi, akayasema tena yote, kwa ile sauti yake ya zamani ya kukata, sauti iliyokuwa ikiwasimamisha watu. Kwenye mzani wakageuka. Mkulima mmoja aliyekuwa anashusha magunia barabarani akauliza kuna nini.

Hasira haikumwisha Mackrine siku hiyo, na atakayesema ilimwisha hamjui. Lakini mikono ya yule mwanamke ilikuwa bado imenyooka, na masinia kumi na manne yalikuwa yanangoja. Akakipokea kikapu, akachukua punje moja, akaitafuna mpaka ikalainika.

"Tumesikia," akasema. Akamwonyesha Prudensia kiti cha dirishani, wakaketi, wakaanza kuchambua.